Pumba kwa kuku, sembe kwa mtoto

Wapo wanaosema mahindi ni wanga mtupu, yanajaza tumbo tu. Wengine hujibu kwamba anayeshika jembe kutwa huko Magu au Kwimba, mkoani Mwanza, hasimami bila ugali. Wote wana hoja, ila hawaulizi mahindi hayo yamefanywa nini kabla ya kufika sahanini.

Gramu 100 za mahindi makavu hutoa takriban kalori 360, zikiwa na gramu 9 hivi za protini na 4 za mafuta. Kasoro iko kwenye aina ya protini: ina uhaba wa laisini na triptofani, asidi amino (vijenzi vya protini) mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kalisi ni kidogo mno, na mahindi meupe karibu hayana vitamini A. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi peke yake asubuhi na jioni anaweza kushiba na bado akadumaa.

Mfugaji wa kuku wa mayai kule Igoma au Buhongwa analijua hili. Hategemei trei za mayai kwa mahindi matupu. Anaweka mahindi na pumba kwa ajili ya nguvu, mashudu ya alizeti na dagaa kwa ajili ya protini, chokaa kwa ajili ya ganda la yai. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wana laisini ileile inayopungua kwenye mahindi. Inaniuma kwamba banda lina mlo uliopigiwa hesabu, wakati jikoni mtoto anapewa ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya.

Mashine ikikoboa, huondoa ganda na kiini cha punje, na humo ndimo mlimo na sehemu kubwa ya mafuta, vitamini B, chuma na zinki. Hiyo ndiyo pumba tunayowauzia wafugaji. Hapo wapenzi wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, wana haki.

Lakini sembe nayo ina utetezi wa maana, na si weupe wake. Dona huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake, na faitati zilizomo, kemikali za asili za nafaka, hupunguza chuma ambacho mwili hunyonya. Zito zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016: hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, hivyo kukoboa huipunguza. Anayesaga dona ya mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa sakafuni hajajitendea wema. Wala mahindi yenye ukungu yasitupiwe mifugo. Kuku hudumaa na kupunguza utagaji, na ng'ombe hupitisha sehemu ya sumu kwenye maziwa tunayowapa watoto walewale.

Kwa hiyo nachagua dona, kwa sharti kwamba mahindi yamekaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu. Iwe dona au sembe, uji wa mtoto uwekewe unga wa dagaa waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani, au mlo wake uwe na maharage.

Mfugaji atasema pumba haipotei, inarudi kama yai. Ni kweli, na protini ya yai ni bora kuliko ya mahindi. Ila kaya nyingi huuza trei nzima ili kununua sembe, na dagaa wengi wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha mifugo. Mayai mawili matatu kwa wiki yabaki nyumbani kwa ajili ya mtoto, hata kama trei itapungua.