Kakipande kadogo tu, mwanangu

Siku hiyo niliamka saa kumi alfajiri, huku Warsaw, Polandi. Nje nyuzi sita chini ya sifuri, ngazi zimeganda, mwenzenu nimevaa suruali mbili na soksi tatu, nawahi zamu ya asubuhi ghalani. Kufika kona ya mtaa, nakuta foleni. Watu wamejipanga hadi kituo cha tramu, wamekunja mikono, mvuke unawatoka midomoni kama masufuria ya ubwabwa. Moyo ukanilipuka. Mtoto wa Kitanzania akiona foleni alfajiri hawazi mema: ama maji yamekatika, ama mafuta yanapanda bei saa sita usiku. Nikaingia foleni. Foleni unaingia kwanza, maswali baadaye.

Baada ya robo saa ndipo nikamuuliza mama aliyekuwa mbele yangu, kunatolewa nini? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Pączki."

Ponchki. Jamani, maandazi!

Watu wazima, wenye kazi na mikopo ya nyumba, wamesimama gizani kwenye theluji kwa ajili ya maandazi. Na hawakuona haya hata kidogo. Mama yule akanifundisha kwamba leo ni Tłusty Czwartek, Alhamisi ya Mafuta, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na asiyekula hata moja bahati itamkimbia mwaka mzima. Mimi na bahati yangu ninavyoifahamu, nikaona hapa hakuna mzaha. Nikabaki kwenye foleni.

Andazi lenyewe ni la duara, halina iliki, limepakwa sukari juu, limenyunyiziwa maganda ya chungwa, na tumboni lina jamu ya maua ya waridi. Waridi! Ua ambalo kwetu unampelekea mchumba ukiwa umekosea, huku linasagwa na sukari na kushindiliwa ndani ya andazi. Nikaagiza mawili. Muuzaji akanitazama akidhani sijamaliza kuhesabu, maana mzee mmoja aliyetangulia alibeba ishirini, katika boksi, kalikumbatia kama mtoto mchanga. Nikaona aibu, nikasema kumi. Moja nikamwachia Mzanzibari ninayeishi naye. Akaliangalia, akauliza limekaangwa kwa mafuta gani. Nikamwambia asili yake ni mafuta ya nguruwe. Akavuta blanketi, akalala. Yeye bahati yake anaitafuta kwingine.

Kufika ghalani, nakuta meza imejaa trei za maandazi. Kila mtu kaleta. Hadi saa sita nilikuwa nimekula matano, na sikuwa na njaa tangu la pili. Nilikuwa nakula kwa adabu.

Na mngedhani ni Alhamisi moja kwa mwaka, basi. Thubutu! Polandi hii, utamu una kalenda kuliko mvua za kwetu. Tarehe 6 Desemba Mtakatifu Nikolasi anajaza pipi kwenye viatu vya watoto. Tarehe 11 Novemba, watu wa Poznań wanakula maandazi ya umbo la mwezi mwandamo, yameshindiliwa mbegu za mpopi. Toruń wana mikate ya tangawizi na asali, wengine wanaipaka chokoleti, kwa sababu asali haikutosha. Halafu kuna imieniny, siku ya jina. Kila jina lina tarehe yake kwenye kalenda, na siku yako ikifika, wewe ndiye unayewaletea wenzako keki. Sikilizeni vizuri hapo: wewe mwenye sherehe ndiye unayegharamia. Nilipoambiwa nilicheka, nikajua nimepona, maana mimi naitwa Ambakisye, na hakuna mtakatifu wa Kipolandi anayeitwa Ambakisye.

Wakakaa kikao. Wakapekua kalenda kama polisi wa trafiki anavyopekua gari zima. Wakasema jina langu linakaribiana na Ambroży, kwa hiyo siku yangu ni tarehe 7 Desemba. Nikabatizwa upya ghalani, katikati ya maboksi, ili tu keki ipatikane. Nilipika visheti, nikatoa jasho jikoni usiku kucha. Wakala vyote, wakasifia, halafu bwana mmoja mpole kabisa akaniuliza kama nimeshawahi kufikiria kuvichovya kwenye chokoleti.

Hapo ndipo penye jipu langu. Chokoleti.

Naishi Warsaw, upande wa Praga, ng'ambo ya mto, karibu na Kamionek. Kuna kiwanda cha Wedel pale. Hawa Wedel walianza biashara Warsaw mwaka 1851, na chapa yao ni saini ya mtu, waliiweka kwenye bidhaa ili kuwakomoa watengeneza feki. Kwetu saini inakaa kwenye hati ya shamba. Huku ipo kwenye chokoleti, na Mpolandi anaiamini kuliko muhuri wa mahakama. Upepo ukigeuka, mtaa mzima unanukia kakao. Unatoka nyumbani umeapa leo hupati kitu kitamu, kabla hujafika kituoni pua imeshavunja kiapo. Na ukivuka mto kwenda mjini, hao hao wana nyumba ya kunywea chokoleti tangu mwaka 1894, chokoleti nzito, kijiko kinasimama chenyewe. Iko mtaa wa Szpitalna. Maana yake Mtaa wa Hospitali. Angalau mtaa unasema ukweli.

Sasa, mimi nimetoka Kyela. Anayeijua Kyela ameshaanza kucheka. Kwa wasioijua: kuna ziwa, kuna mpunga, na kakao imejaa nyuma ya nyumba. Nimekua nikipasua matunda ya kakao, namung'unya ule utelezi mweupe, nazitema mbegu, mama anazifunika kwa majani ya mgomba zichachuke, halafu zinaanikwa na mimi nafukuza kuku. Utoto wangu wote nimefukuza kuku kwenye kakao. Chokoleti yenyewe niliionja nikiwa na miaka kumi na minne, kipande cha ukubwa wa kucha, kililetwa na mjomba kutoka Dar, tuligawana watu sita.

Basi siku ya kwanza kazini, dada mmoja ananijia na kitu cha kung'aa mkononi, anazungumza polepole kama anaongea na mgonjwa aliyezinduka: "Hii. Inaitwa. Chokoleti." Halafu akaniuliza kama Afrika tunaifahamu. Dada yangu! Mimi nimeifukuzia kuku hiyo! Lakini Kipolandi changu siku hiyo kilikuwa na maneno manane tu, na mojawapo lilikuwa asante. Nikasema asante. Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani, mama alinipigia simu anaimba. Siku hiyo hiyo wenzangu ghalani walikuwa wananung'unika kwamba chokoleti imepanda. Nikanyamaza kimya. Sikutaka wajue kwamba adui ni mama yangu.

Majina ya pipi zao nayo ni mtihani. Kuna krówki, "ving'ombe", za maziwa na sukari, nje ngumu, ndani zinateleza. Kuna kukułki, ndege kekeo, zina kapombe ndani. Kuna raczki, kamba wadogo. Na kuna Ptasie Mleczko, iliyoanza mwaka 1936, maana yake maziwa ya ndege. Nikauliza, ndege gani ana ziwa? Wakasema ndiyo maana yake, kitu adimu kabisa. Adimu wapi, na iko kila duka, kila droo, kila mkoba wa bibi!

Na hapo tumfikie bibi. Mwenye nyumba wangu ana miaka sabini na tisa na ananiita synku, kamwanangu. Kipolandi kinapenda kudogosha vitu kama sisi tunaposema kachai, kasigara. Bibi anasema kawałeczek, kakipande. "Kakipande kadogo tu, synku." Mtu akisikia ka-, ka-, anategemea kitu cha kuweka kwenye kijiko. Linakuja tofali. Keki ya jibini, sernik, unaweza kujengea msingi. Ukisema umeshiba, anasikia haya. Ukisema hupendi, anasikia unaumwa. Ukimaliza sahani, anasikia njaa. Nimetafuta jibu la nne, halipo.

Haya, keki ni keki. Lakini Julai iliyopita alinikaribisha chakula cha mchana, nikavaa shati. Akaleta tambi. Juu ya tambi, stroberi zilizopondwa na krimu na sukari. Nikazila, maana nimeshakula tambi za sukari kwa majirani siku ya Iddi, sina usafi wa kumcheka mtu. Wiki iliyofuata akaleta wali. Wali na tufaha, mdalasini na sukari. Ndugu zangu, mchele wa Kyela mtu wa Dar anautambua kwa harufu gunia likiwa bado limefungwa. Wali kwetu unakutana na samaki, unakutana na maharage, wanaheshimiana. Nilitazama ile sahani nikaomba radhi kimoyomoyo kwa ukoo mzima.

Lakini bibi huyu siwezi kumkasirikia. Siku moja alinifungulia kabati la mashuka. Nyuma ya mashuka, chokoleti zimepangwa kama matofali ya dhahabu benki. Akanieleza kwamba mwaka 1976 sukari iliwekwa kwenye kadi za mgao, na miaka ya themanini hata chokoleti ikawa ya kadi, ya watoto. Madukani kukawa na kitu kinachoitwa kwa jina rasmi "bidhaa inayofanana na chokoleti". Serikali yenyewe iliandika hivyo, inayofanana! Kinanata kama mshumaa, alisema, na tuligombea. Nikamkumbuka baba, anavyosimulia foleni za sukari na sabuni miaka hiyo hiyo, na mwenye duka la ushirika alivyokuwa mkubwa kuliko mchungaji. Mama yangu naye mpaka leo anaficha kilo mbili za sukari chini ya kitanda. Nikamwambia bibi. Akacheka mpaka akalia, halafu akanikatia kakipande.

Mwezi uliopita nilipima damu. Daktari akasema sukari yangu iko kama lori pale Kasumulu, mpakani na Malawi: haijavuka mpaka, ila imeshaingia foleni. Kwa kweli yeye hakutaja Kasumulu, nimetafsiri. Akanipa karatasi ya masharti, keki hapana, pipi hapana, chokoleti hapana. Nilifurahi, wallahi. Nimepata kibali cha daktari! Nikampelekea bibi ile karatasi. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, akasikitika, akasema daktari huyu ni mwema, lazima umshukuru. Nikauliza, huku daktari anashukuriwa vipi? Akafungua kabati la mashuka, akanipa boksi la chokoleti.

Nikalipeleka. Ningefanyaje? Daktari akasema haikuwa na haja kabisa, huku anavuta droo. Ndani ya droo yalikuwepo mengine matano. Akalifungua langu hapo hapo, akalisogeza kwangu juu ya majibu ya vipimo vyangu.

"Kamoja tu," akasema. "Kamoja hakadhuru."

Kalikuwa na karanga ndani.