Darasa la bajeti halilipi kodi

Nikisoma masharti ya nyumba za mpito, zile ambazo familia iliyokosa makazi hupewa kwa miezi kadhaa ili ijipange, huwa najiuliza walioyaandika walikuwa wanamfikiria mama wa namna gani. Saa ya kurudi imepangwa. Wageni marufuku. Darasa la kupanga bajeti ni lazima, hata likigongana na zamu ya kazi, yaani mtu akose ujira wa siku ili afundishwe kutunza pesa. Tena kuna makao yasiyopokea watoto wa kiume waliobalehe, kwa hiyo mama mwenye kijana wa miaka 14 ama aingie na wadogo, mkubwa akatafutiwe pa kulala kwa ndugu, ama wote wabaki walipo.

Mimi naamini familia nyingi hazikukosa nyumba kwa kutojua kuishi ndani ya nyumba. Kodi ilipanda, kazi ikakatika, ndoa ikavunjika, mtoto akaugua. Kumpa mzazi wa aina hiyo semina ya malezi huku kodi ikibaki mlima uleule ni kumpotezea muda.

Marekani walilipima jambo hili. Kuanzia 2010, wizara yao ya nyumba ilifuatilia familia 2,282 zilizokuwa kwenye makao ya dharura katika maeneo 12, zikagawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zilipewa ruzuku ya kodi ya muda mrefu, nyingine msaada wa kodi wa muda mfupi, nyingine nyumba za mpito zenye huduma zake, na nyingine zikaachwa zijitafutie kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, ruzuku ya muda mrefu ilikuwa imepunguza ukosefu wa makazi kwa zaidi ya nusu, tena bila darasa lolote la lazima. Hata ukatili wa wenza ulipungua. Nyumba za mpito hazikuonyesha tofauti kubwa hivyo, ingawa ziligharimu takriban dola 2,700 kwa mwezi kwa kila familia, na ruzuku kama dola 1,160 tu.

Sisemi zifungwe. Mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga anahitaji mahali pasipojulikana, mlinzi, mwanasheria, mshauri, na muda wa kupumua. Hapo sina ugomvi kabisa.

Ugomvi wangu ni siku ya kutoka. Muda umekwisha, mama ana vyeti vya mafunzo kwenye bahasha, na mwenye nyumba hataki kuviona. Anataka kodi ya kuanzia, amana, uthibitisho wa mshahara na jina la mwenye nyumba aliyepita, ambaye pengine bado anamdai. Afisa ustawi wa jamii anayejua kuketi na mwenye nyumba wakaelewana, mwenye fungu la kulipa amana na deni la zamani, kisha akaendelea kupita kuijulia hali familia ikishahamia, huyo ndiye ningemlipa kwanza. Mafunzo yawepo, ila kwa anayeyataka.

Na wafadhili nao waache kuomba orodha za mahudhurio. Waulize kila familia iliyotoka mwaka jana inalala wapi leo, na kama watoto wote wako nayo.