Ile fidla ya Stradivari pale Oxford: iendelee kunyamaza au ipigwe?

Pale Oxford, Uingereza, kwenye makumbusho ya Ashmolean, kuna fidla imefungiwa ndani ya kabati la kioo. Inaitwa Messiah, ilitengenezwa 1716 na fundi Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, na haipigwi. Familia ya Hill, mafundi na wauzaji wa fidla wa London, ndo waliitoa kwa makumbusho na nia yao ilikuwa ibaki vile vile ilivyo ili mafundi wa baadae wawe na pa kutazama kazi ya huyu mzee ikiwa karibu mpya. Sasa watu wanabishana miaka yote, ni haki kweli chombo cha muziki kikae tu kutazamwa?

Mimi nasema hii moja waiache. Ila wanaotaka ipigwe wana hoja nzito na hawastahili kujibiwa juu juu.

Kwanza ukifikiria fidla ni nini, ni mbao nyembamba, gundi ya ngozi za wanyama na nyuzi nne, na vyote hivyo viliunganishwa kwa sababu ya sauti tu. Stradivari hakuwa anachonga mapambo ya ukutani. Sisi tuliozoea taarab ya Unguja tunajua fidla ikiingia pale baada ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inafanya nini kwenye moyo wa mtu, kwa hiyo kusikia kwamba ipo moja ya 1716 iko salama na hakuna anayeigusa kwa upinde inauma, sikatai. Na mfano wa kufanya tofauti upo. Paganini, mpigaji fidla maarufu wa Italia, alipofariki 1840 fidla yake, Il Cannone, kazi ya 1743 ya Guarneri del Gesù, fundi mwingine wa Cremona, aliwaachia mji wa Genova, na mji unailinda kweli lakini mara moja moja inatolewa ikapigwa jukwaani, hata mshindi wa shindano la Paganini huwa anapewa nafasi hiyo. Cremona nako makumbusho yao yanatoa vyombo vya zamani vikapigwa mbele ya watu. Kwa hiyo kutunza na kupiga vinawezekana pamoja.

Kuna hoja nyingine inarudiwa sana, kwamba fidla isipopigwa inakufa sauti. Wapigaji wengi wanaamini hivo kabisa, lakini mimi naiona hoja dhaifu kuijengea uamuzi, maana fidla iliyolala muda mrefu ikipelekwa kwa fundi, ikawekwa nyuzi mpya na kile kijiti cha ndani kikakaa sawa, inabadilika sana, na hapo utajuaje kilichofanya kazi ni kupigwa au ni mkono wa fundi?

Sasa upande wa pili. Kupiga kunakula chombo. Jasho la mkono, kidevu, bega, pete, kila siku vanishi inaondoka kidogo, na ukiangalia hiyo hiyo Il Cannone utaona pale Paganini alipokuwa anailaza shingoni vanishi imekwisha. Fidla nyingi za Stradivari zilizobaki zimepitia hayo kwa karne tatu, pembe zimelika, kingo zimekuwa za mviringo, nyufa zimezibwa, na karibu zote zilibadilishwa shingo mwishoni mwa karne ya 18 na karne ya 19 ili zitoe sauti kubwa ya kumbi mpya. Messiah nayo si bikira kama wanavyoisifia, Vuillaume, fundi na muuzaji wa fidla wa Paris aliyeipata 1855, alirefusha shingo yake na kubadilisha vitu vya ndani, na imewahi kupigwa. Lakini kwa nje pembe zake bado kali, vanishi imejaa, alama za kisu cha fundi unaziona. Ukitaka kujua Stradivari aliikabidhije kazi yake siku ilipotoka mezani, hapa ndo pa karibu zaidi. Na kama unajiuliza mbona iko mpya kiasi hicho, hata wataalamu walijiuliza, kuna waliosema ni feki ya Vuillaume mwenyewe, ikabidi wapime pete za mti, zile mistari zinazoongezeka kila mwaka mti ukikua, kwenye ubao wa mbele, pete ya mwisho ikaonekana ni ya miaka ya 1680, yaani mti unaendana na wakati wa Stradivari.

Kitu kilichonishawishi mimi hasa ni yale majaribio ya mtafiti Claudia Fritz na fundi wa fidla Joseph Curtin. Mwaka 2010 kule Indianapolis waliwaita wapigaji 21, wakawavalisha miwani myeusi kama ya mafundi wa kuchomelea vyuma ili wasione wanapiga ipi, wakawapa fidla tatu mpya na tatu za zamani, mbili kati yake za Stradivari. Wengi walichagua mpya, na iliyokataliwa zaidi ilikuwa Stradivari. Baadae wakarudia karibu na Paris na wapigaji wakubwa kumi, sita wakachagua mpya tena. Watu huwa wanatumia haya kusema Stradivari amekuzwa tu na bei, mimi siendi huko, wapigaji 21 si dunia nzima na fidla mbili za Stradivari hazimwakilishi fundi aliyeacha mamia. Lakini angalau yanaonyesha mpigaji leo anaweza kupata sauti ya kiwango hicho kwa fundi aliye hai. Kwa hiyo Messiah ikinyamaza, muziki haupungukiwi sana, ila pembe zake zikilika hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kinachonikera ni vile hasira zote zinaelekezwa Oxford, ambako mtu yeyote anaingia akaitazama na mafundi wanaisoma, wakati kuna fidla nzuri zimenunuliwa kama viwanja, zimelala kwenye sefu hazipigwi wala hazionekani. Hizo hazina utetezi hata mmoja. Nippon Music Foundation ya Japani inamiliki Stradivari kadhaa na inawaazima wapigaji bure, na 2011 waliuza moja, Lady Blunt ya 1721, kwa dola milioni 15.9 ili zisaidie waathirika wa tetemeko na tsunami. Mwenye nayo kwenye sefu anaweza kufanya hivo hivo, amwazime kijana mwenye kipaji asiye na uwezo wa kuinunua hata akifanya kazi maisha yake yote, bima wakubaliane, na chombo kiende kazini.