Ndiyo, Scott Peterson alikuwa mwongo. Halafu?

Tukubaliane hilo kwanza, maana kila nikigusia kesi hii kuna mtu hunijia juu akidhani namtetea. Simtetei. Mahakama ya California ilimkuta na hatia ya kumuua mkewe, Laci, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni, na mimi nikiupitia ushahidi naona walipatia. Ugomvi wangu uko kwingine. Umma ulifikia jibu hilo miezi kadhaa kabla ushahidi haujapatikana, na kwa kuwa safari ile ulipatia, tumebaki na kiburi cha kudhani tutapatia kila safari.

Kwa wasioikumbuka: Laci Peterson, miaka 27, mjamzito wa miezi minane, alipotea 24 Desemba 2002 huko Modesto, mji wa wakulima katikati ya California. Mumewe alisema asubuhi ile alimwacha nyumbani akijiandaa kumtembeza mbwa, naye akaenda peke yake kuvua samaki Berkeley, kwenye ghuba ya San Francisco, kama kilomita 140 kutoka hapo. Mbwa alikutwa mtaani akiburuta kamba yake. Watu walijitolea kwa mamia, hoteli moja ikawa kituo cha utafutaji, ikatangazwa zawadi ya dola 500,000. Wiki chache tu, macho yote yakawa yamehama kwa Laci yakatua kwa Scott.

Walikuwa wanatazama nini? Uso wake. Halii. Anatabasamu kwenye mkesha wa mishumaa. Anazikwepa kamera. Ameuza gari la mkewe, mwanamume gani anauza gari la mke ambaye hajapatikana? Tarehe 24 Januari 2003 Amber Frey, mkandaji wa masaji kutoka Fresno, akasimama mbele ya waandishi na kusema alikuwa na uhusiano na Scott, na kwamba aliambiwa hana mke. Hapo ikawa basi. Mchepuko katoka hadharani, kesi imeisha, wapeni watu hukumu yao.

Kitu ambacho watazamaji hawakukijua ni kwamba Amber alikuwa ameshakwenda polisi tangu 30 Desemba, na kwa wiki kadhaa alikuwa akirekodi simu za Scott. Katika simu hizo Scott anajifanya yuko Paris akisherehekea mwaka mpya, ilhali yuko kwao na watu wanamwombea mkewe. Ilibainika pia kwamba tarehe 9 Desemba, siku kumi na tano kabla Laci hajapotea, alikuwa amemwambia Amber kwamba amempoteza mke wake. Siku hiyohiyo alinunua boti. Kwa hiyo wakati televisheni zinapima machozi ya mwanamume, kazi ya maana ilikuwa inafanywa na mwanamke mmoja mwenye kinasa sauti, bila mtu kujua.

Siwezi kuipuuza tofauti hiyo. Mume mwenye mchepuko ni kitu cha kawaida kiasi cha kuchosha. Ukiwakamata wote, hakuna gereza litakalotosha. Mume asiyelia si ushahidi wa chochote, nimeona wafiwa wanaocheka msibani kwa kuchanganyikiwa. Lakini mume anayemzungumzia mke wake kama aliyekwisha kuondoka, akiwa bado anakula naye meza moja, na siku hiyohiyo ananunua boti ambayo karibu watu wake wote hawaijui, huyo ana maswali ya kujibu.

Na kilichomfunga zaidi alikisema kwa kinywa chake. Tarehe 13 na 14 Aprili 2003 maji yalitupa miili ufukweni Richmond, kwanza ya mtoto, kesho yake ya mama, kilomita chache tu kutoka pale alipodai kwenda kuvua. Risiti ya maegesho ya Berkeley aliitoa yeye mwenyewe kama utetezi. Alikamatwa siku nne baadaye kusini mwa California, nywele amezipaka rangi, mfukoni na garini fedha taslimu kama dola 15,000.

Sasa angalia kelele zilivyokaribia kuiharibu kesi hii. Hoja kubwa ya wakili wake, Mark Geragos, ilikuwa hivi: habari ya kwamba Scott alikuwa Berkeley ilishatangazwa kila mahali, kwa hiyo muuaji mwingine yeyote angeweza kuisikia na kwenda kuutupa mwili hukohuko ili amsingizie. Mimi hoja hiyo siiamini. Lakini jiulize nani aliyempa. Si sisi, watu wa kutaka kujua kila kitu saa ileile? Habari hiyo ingalijulikana kwa mume na mpelelezi tu, Geragos asingekuwa na pa kushika. Ongeza na maelfu ya taarifa walizomiminiwa polisi, zikiwemo za watu waliodai kumwona Laci akitembea na mbwa asubuhi ile. Taarifa hizo nazo zikawa mali ya utetezi.

Kesi ilibidi ihamishwe Modesto ipelekwe Redwood City, kwa sababu wilaya nzima ilikuwa imeshaamua. Scott alipokamatwa na kuletwa gerezani Modesto usiku, umati ulikuwa umemsubiri nje. Baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, lilimtia hatiani Novemba 2004, na Machi 2005 akahukumiwa kifo. Kisha mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California ikaifuta adhabu hiyo ya kifo, kwa kuwa jaji aliwaondoa baadhi ya waliopendekezwa kuwa wajumbe wa baraza kwa sababu tu waliandika kwamba hawapendi adhabu ya kifo, bila kuwauliza kama wangeweza kuifuata sheria. Hatia ilibaki palepale, na mwaka 2021 akapewa kifungo cha maisha bila msamaha. Mahakama, pamoja na taratibu zake zote, ilikosea na ikarekebishwa baada ya miaka kumi na tano. Umati hauna hata mlango wa kupelekea rufaa.

Wanaoniambia umma una pua kali na haukosei, huwa nawarudisha Modesto hukohuko, mwaka mmoja na nusu kabla. Chandra Levy, binti wa mji huo aliyekuwa Washington kwa mafunzo ya kazi, alipotea Mei 2001. Mbunge wa eneo lao, Gary Condit, alihusishwa naye kimapenzi. Alikwepa maswali kwenye televisheni, alionekana mkavu, akahukumiwa na nchi nzima. Vigezo vilevile kabisa: uso, uongo, mwanamke wa pembeni. Polisi hawakuwahi kumtaja kuwa mtuhumiwa. Alipoteza kiti chake kwenye kura za mchujo Machi 2002. Mabaki ya Chandra yalipatikana Mei mwaka huo kwenye bustani ya Rock Creek, na mwaka 2010 alitiwa hatiani mtu mwingine kabisa, ambaye naye mashtaka yake yalifutwa mwaka 2016. Mpaka leo hakuna ajuaye kwa uhakika. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa Condit tumesubiri zaidi ya miaka ishirini, na halijaja.

Simaanishi kwamba polisi wasianze na mume. Waanze naye, na mapema. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au ndugu wa familia, na Afrika ndiyo iliyoongoza. Marekani kwenyewe mauaji ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito. Mpelelezi anayemkwepa mume kwa heshima ya ndoa hafai kazi hiyo. Ila mpelelezi akishuku, anakwenda kutafuta risiti, simu, mashahidi. Sisi tukishuku, tunaandika "ni yeye, angalia macho yake" na kupita.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hayo yote. Evelyn Hernandez, miaka 24, mhamiaji kutoka El Salvador, alipotea San Francisco Mei 2002 akiwa karibu kujifungua, pamoja na mwanawe Alex wa miaka mitano. Julai sehemu ya mwili wake ilipatikana kwenye ghuba ileile. Alex hajaonekana tena. Baba wa mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa mume wa mtu. Mambo yote yaliyowakesha Wamarekani kwa Laci yalikuwepo hapo, miezi saba kabla, na karibu hakuna kamera iliyokwenda. Magazeti yalimkumbuka kwa wingi baada ya Laci kupotea, kama mfano wa kulinganishia. Kesi yake haijapata jibu. Kumbe hamu ile ya haki huchagua nani wa kumlilia: mweupe, mwenye tabasamu la kwenye picha, mwenye nyumba na bustani.

Ndiyo maana kwenye makundi yetu ya WhatsApp, likitumwa tangazo la dada aliyepotea, nikaona ujumbe wa pili tu tayari unauliza "mume wake anasemaje?", huwa najibu kwa maswali ya kukera. Taarifa imefunguliwa kituo gani? Nani alimwona mwisho, saa ngapi, amevaa nini? Namba ya kupiga ni ipi? Wananiambia nawaharibia stori.

Kuhusu Scott, kuna mawakili walioichukua upya kesi yake mwaka 2024 wakiomba vipimo vya DNA. Waachwe wapime. Mimi naamini alimuua, kwa sababu ya boti, ya tarehe 9 Desemba na ya ufuko wa Richmond. Vipimo vikileta jina la mtu mwingine, nitabadili maneno yangu. Ila zile habari za kwamba hakulia, nilishaziondoa kwenye hesabu zamani.