Mandari si ya Ufuoni Pekee

Mkaazi wa Mombasa akitaja mandari, aghalabu hukusudia ufuo wa bahari. Sina ugomvi na ufuo, ila siku za sikukuu hata pa kutandika mkeka hapapatikani kwa urahisi. Kwa maoni yangu, familia inayotaka kutembea kwa miguu na kutazama viumbe kwa utulivu ingefaidika zaidi kando ya mabwawa ya Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyo kule Bamburi, chini ya kivuli cha mivinje.

Mahali hapo palikuwa timbo. Kuanzia miaka ya 1950 mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji, hadi pakabaki shimo jeupe, kali kwa joto, lisilo na udongo, na ambalo maji yaliyo chini yake yana chumvi. Mwaka wa 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali; mingi ilikufa, lakini mvinje ulistahimili, kwa kuwa bakteria wanaoishi katika mizizi yake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani yake yaliyopukutika yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. (Nasi tunawafunza watoto kumkanyaga jongoo!)

Ndiyo maana naona wageni wengi hutembezwa kinyume. Huharakishwa kwenda kuwalisha twiga, kisha huonyeshwa mamba, kisha husimuliwa habari za Owen, mwana kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi mnamo Desemba 2004 akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee. Kisa hicho kinapendeza, lakini hao wote wana pa kuishi kwa sababu ya jongoo na mvinje, ambavyo hupitwa bila kutupiwa jicho. Walimu wanaoleta wanafunzi wangeanzia hapo, watoto wakafukua majani kwa mikono yao kabla ya kukimbilia twiga.

Wapo wanaolalamika kwamba msitu uliopandwa na mabwawa yaliyochimbwa si maumbile halisi. Yangeyange na korongo wanaovua samaki humo hawajali aliyechimba ni nani. Anayetaka kuwaona aende asubuhi, kabla ya mabasi ya wageni, na asiwarushie tumbili chakula.