Moyo kuvimba baada ya chanjo: hatari ipo, ila sio ya kila mtu

Ishu ya moyo kuvimba baada ya chanjo ya korona imegeuka ugomvi, huyu anasema chanjo zinaua vijana, yule anasema ni uzushi wa mitandaoni, na wote wanamwacha mzazi mwenye kijana wa miaka 17 bila jibu.

Tatizo lipo jamani. Mwanzoni mwa 2021 Israeli walianza kuona vijana wa kiume wanafika hospitali wanalalamika kifua siku chache tu baada ya dozi ya pili ya Pfizer, na kufika katikati ya mwaka huo Marekani na Ulaya wakaweka onyo kwenye maelezo ya Pfizer na Moderna. Kuna wanaovimba misuli ya moyo na kuna wanaovimba utando unaouzunguka, hawa wa utando kifua kinauma zaidi akilala chali, akikaa akainama mbele anapata nafuu. Wanapimwa damu kuangalia troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, afu kipimo cha umeme wa moyo. Wengi wanaruhusiwa baada ya siku chache, ila mpira na mazoezi mazito wanaambiwa wasimamishe kwa miezi.

Sasa watu wanapopotoshana ni kwenye namba. Kwa vijana wa kiume wa miaka 16 na 17, data za Marekani zilionyesha kama mmoja kwa kila 10,000 baada ya dozi ya pili ya Pfizer, wakati kwa mama wa miaka 60 ni nadra mno. Ukitoa wastani wa watu wote umemficha huyo kijana, ukichukua namba ya kijana ukamtishia nayo bibi yake ambaye korona ingemlaza kitandani, umedanganya vilevile, na mimi hili la pili naona limeumiza watu wengi zaidi.

Alafu korona yenyewe inavimbisha moyo, na kwa watu wengi inafanya hivyo kuliko chanjo. Ila watetezi wa chanjo wasiishie hapo, maana utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2022 ulikuta kwa wanaume chini ya miaka 40, dozi ya pili ya Moderna hatari yake ya kuvimbisha moyo ilizidi ile ya kuugua korona. Sweden na Finland walishachukua hatua Oktoba 2021, wakasimamisha Moderna, Sweden kwa wote walio chini ya miaka 30 na Finland kwa wanaume wa umri huo. Moderna ilikuwa na maikrogramu 100 za kiungo kikuu cha chanjo kwa dozi, Pfizer 30, huenda ndo sababu mojawapo. Kanada wakashauri dozi ziachane wiki 8 badala ya 3 au 4, hatari ikashuka. Huo ndo utaratibu ninaouamini, chanjo inaendelea na kijana analindwa.

Kinachonisumbua ni wale ambao picha za MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, bado zinaonyesha kovu kwenye moyo miezi kadhaa baadae japo wanajisikia wazima kabisa. Hao wafuatiliwe kwa miaka, na gharama za vipimo wasiachiwe wao.