Kichwa cha Buddha Si Pambo la Chooni

Kwenye hoteli moja ya ufukweni nilikokwenda juzi kwa harusi, kichwa cha Buddha kimewekwa chooni, juu ya sinki, kati ya sabuni na karatasi za kujifutia mikono. Kichwa kitupu, shingo imekatwa sawasawa. Mhudumu niliyemuuliza akanijibu kwa adabu, "Ni pambo tu, dada, linaleta utulivu." Yeye simlaumu. Namlaumu aliyekinunua akaona hapo ndipo mahali pake.

Mimi si Mbudha, lakini jambo hili limeniuma. Sanamu ya Buddha husomwa mwili mzima, na sehemu kubwa ya inachosema imo mikononi. Mkono wa kulia ukishuka gotini hadi vidole viguse ardhi, huo ni usiku wa Bodh Gaya, India, ambako Siddhartha, mwana wa mfalme, alipata mwanga chini ya mti akawa Buddha: Mara, yule mjaribu, anamtaka aonyeshe nani atamshuhudia kwamba anastahili kukaa chini ya ule mti, naye anaiita ardhi iwe shahidi. Mikono miwili ikikutana kifuani, vidole vikaunda duara, hayo ni mafundisho ya kwanza kule Sarnath, gurudumu la dharma, yaani la mafundisho yake, lilipoanza kuzungushwa. Kiganja kikiinuliwa kukuelekea, unaambiwa usiogope. Hata ndewe za masikio zina habari yake: zimerefuka kwa mapambo mazito ya mwana wa mfalme, na sasa ni tupu kwa kuwa ameyaacha yote. Ukikata shingo, karibu simulizi lote umelitupa.

Na mtindo huu wa vichwa haukuzaliwa hekaluni. Ulikuzwa na wizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mapango ya Longmen na Tianlongshan nchini China, watu waliingia na patasi wakakata vichwa vya sanamu zilizochongwa ndani ya mwamba wenyewe, kwa sababu mwili mzima haubebeki, na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani walikuwa wanangoja na fedha mkononi. Angkor, kwenye mahekalu ya kale ya Kambodia, nako vichwa vimekatwa vivyo hivyo. Macho ya dunia yakazoea kumwona Buddha bila kiwiliwili, ndani ya vioo vya makumbusho, kisha viwanda vikafyatua nakala. Kichwa kimoja cha Tianlongshan, kilichoibwa miaka ya 1920, kilirudi China kutoka Japani mwishoni mwa 2020. Karibu karne nzima!

Sisi wa Pwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuchongwa zilizosimikwa kwa heshima ya wazee waliotangulia, ziling'olewa zikauzwa, zikaishia kwenye nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudishwa Kenya kutoka jumba la makumbusho la Denver. Mzee wa Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, atakwambia kigango kikiondolewa koma, roho za wazee hao, hukasirika, na familia hupata balaa. Tunajua uchungu huo, halafu tunawafanyia wengine.

Nakubali, kile cha hotelini ni cha saruji, hakikuibwa popote. Nakubali pia kwamba wapo watawa watakaokwambia sanamu ni udongo tu, usiing'ang'anie. Hata hivyo, Bangkok kuna mabango makubwa yanayowaeleza wageni kwamba Buddha si pambo. Na Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand ulioangamizwa na jeshi la Burma mwaka 1767, kuna kichwa cha jiwe kilichokumbatiwa na mizizi ya mti katika hekalu la Wat Mahathat. Anayetaka kupiga picha pale huombwa achuchumae, kichwa chake kisipite juu ya kile. Hicho nacho hakina mwili, na heshima yake ipo palepale.

Yule mnene anayecheka, wa kupapaswa tumbo, ni Budai, mtawa wa China. Msimchanganye na Siddhartha.

Mwenye kutaka alama ya Ubudha nyumbani hakosi. Katika malango ya Sanchi, India, yaliyochongwa karne ya 1 kabla ya Kristo, Buddha haonyeshwi kwa umbo la mtu. Zipo nyayo, kiti kitupu, mti wa Bodhi, gurudumu. Hizo zilichongwa zisimame bila mwili. Lipo pia yungiyungi, linaloota topeni likachanua safi, na hilo halihitaji hata kuagizwa: mafundi wa milango wa Lamu na Unguja wamelichonga miaka na miaka.